Kioo Kilichopimwa kwa Ukuta: Upambaji wa Vyumba kwa Vioo katika Nyumba za Mawe za Unguja, Karne ya 19

1.0 Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, kioo kimezoeleka kuwa sitiari. Kauli kwamba fasihi ni kioo cha jamii imerudiwa katika madarasa na tasnifu kiasi kwamba msomaji hakioni tena kitu kinachotajwa ndani yake. Makala haya yanakirejea kitu chenyewe, yaani bapa la kioo lililopakwa madini kwa nyuma, likatiwa fremu, likasafirishwa kwa meli na kuwekwa katika ukuta wa nyumba ya mawe mjini Unguja. Kwa kuwa neno kioo katika Kiswahili hutaja pia kioo cha dirisha na malighafi yenyewe, ifahamike kwamba hapa linatumika kwa maana ya kioo cha kujitazamia, ingawa, kama itakavyoonekana, kujitazama hakukuwa kazi yake pekee wala kazi yake kuu.

Vioo vikubwa vya Ulaya katika vyumba vya matajiri wa Unguja wa karne ya 19 vimekuwa vikifasiriwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza huviona kuwa dalili ya kuiga Uzungu: watawala na wafanyabiashara waliona mapambo ya Ulaya, wakayatamani, wakayanunua. Njia ya pili huviona kuwa israfu tu ya tabaka lililotajirika ghafla kwa karafuu, pembe za ndovu na watumwa. Fasiri zote mbili zina sehemu ya ukweli, lakini zote huanza na kioo na kuusahau ukuta. Makala haya yanadai kwamba ukuta ulikuwa na kanuni zake kabla kioo hakijafika, na kwamba kioo kilipokelewa kwa sababu kiliweza kutii kanuni hizo. Hoja hiyo inajengwa kwa kuangalia usanifu wa nyumba za mwambao, njia ya biashara iliyoleta vioo, na maelezo ya Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa na kukulia ndani ya vyumba hivyo. Baadaye makala yanaangalia nani aliyelipa gharama ya mng'ao huo.

2.0 Ukuta Kabla ya Kioo

Nyumba ya mawe ya mwambao ilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari yake ilibebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba: kwa kawaida haukuzidi takribani mita tatu. Matokeo yake ni vyumba virefu na vyembamba, vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine. Katika nyumba za Lamu zilizochunguzwa na Ghaidan (1975) na kwa kina zaidi na Allen na Wilson (1979), mtu huanza katika daka la nje, akapita tekani na kiwanda, kisha akaingia msana wa tini na msana wa yuu, hadi kufikia ndani, chumba cha faragha. Nuru huingia kutoka kiwanda. Kila hatua ya kuelekea ndani ni hatua ya kuelekea katika giza na katika heshima.

Ni katika vyumba hivyo vya nyuma, si katika vile vya mbele, ambamo mafundi waliweka pambo lao kubwa. Ukuta wa ndani ulijazwa zidaka, safu juu ya safu za vishubaka vilivyochongwa katika chokaa, vingine vikiwa vidogo mno kiasi cha kutoshea bakuli moja tu. Chokaa ilisuguliwa hadi ikang'aa. Ndani ya zidaka ziliwekwa sahani na bakuli za kaure zilizoletwa na merikebu kutoka ng'ambo. Donley-Reid (1990) ameonyesha kwamba ukuta huo ulihusishwa na mambo mazito ya maisha ya nyumba, yakiwemo harusi, uzazi na kifo, na kwamba kaure ilidhaniwa kuwa na uwezo wa kukinga husuda.

Kuunganisha kitu king'aacho na ukuta hakukuishia katika nyumba za walio hai. Makaburi ya nguzo ya Mambrui na yale ya Kunduchi yalipachikwa bakuli na sahani za kaure katika saruji ya chokaa. Kwa watu wa mwambao, basi, ukuta wenye heshima ulikuwa ukuta uliopokea vitu vilivyovuka bahari, vikawekwa kwa mpangilio, vikarudisha nuru kwa mtazamaji. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir kuhusu fahari iliyoanguka ya Pate, unaitumia picha hiyohiyo kwa kuigeuza: madaka yaliyokuwa na vyombo vya kaure yamekuwa malalo ya makinda ya ndege. Mshairi hakuhitaji kueleza zaidi. Msomaji wa wakati wake alijua kwamba ukuta uliopoteza vyombo vyake ni ukoo uliopoteza jina lake.

Yapo mambo matatu ya kushika katika sehemu hii, kwa kuwa yatarudi katika mjadala wa kioo. Kwanza, pambo lilikuwa sehemu ya ukuta, si kitu kilichosimama mbele yake. Pili, vitu vilipangwa kwa safu na kwa ulinganifu, hivyo wingi na marudio vilithaminiwa kuliko kitu kimoja cha pekee. Tatu, mng'ao ulikuwa na kazi katika chumba chenye nuru haba.

3.0 Njia ya Kioo

Kioo kikubwa cha ukutani kilikuwa ghali kwa karne nyingi kwa sababu ya ugumu wa kukitengeneza. Mafundi wa Murano, karibu na Venice, waliwahi kuhodhi utaalamu wa kubandika utando wa bati na zebaki nyuma ya kioo safi. Mwaka 1665 serikali ya Ufaransa ilianzisha kiwanda chake ili kuvunja utegemezi huo, na mwishoni mwa karne hiyo mbinu ya kumimina kioo cha moto juu ya meza ya chuma iliwezesha kupata mabapa makubwa. Ukumbi wa Vioo wa Versailles, uliojengwa kati ya 1678 na 1684, una vioo 357 vilivyopangwa katika matao 17 yanayokabili madirisha 17. Hapo msanifu aliutengeneza ukumbi kwa ajili ya vioo.

Katika karne ya 19 uzalishaji uliongezeka na bei ikashuka. Mwaka 1835 mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig alieleza namna ya kutandaza fedha juu ya kioo kwa njia ya kemikali, ingawa bati na zebaki ziliendelea kutumika kwa miongo kadhaa baadaye. Kioo hakikuacha kuwa kitu cha thamani, lakini kiliacha kuwa mali ya wafalme peke yao.

Kipindi hichohicho ndicho Unguja ilipojifunga katika biashara ya dunia. Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala hadi kifo chake mwaka 1856, alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na Uingereza mwaka 1839, na Ufaransa mwaka 1844. Miji ya Kijerumani ya Hamburg, Bremen na Lübeck ilipata mkataba wake mwaka 1859. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walileta merikani na kuondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Meli za Sayyid Said nazo zilisafiri: Sultana ilifika New York mwaka 1840. Sayyida Salme anaeleza kwamba kila mwaka meli za baba yake zilipeleka mazao ya Afrika katika bandari za mbali, zikiwemo Marseille na zile za Uhindi, huku nahodha akiwa na orodha ndefu ya vitu alivyoagizwa kununua. Siku ya kugawa vitu hivyo ilisubiriwa kwa hamu na jamaa nzima ya kasri.

Prestholdt (2008) amesisitiza kwamba matakwa ya wanunuzi wa Afrika Mashariki yaliathiri viwanda na wafanyabiashara wa mbali, na kwamba soko la Unguja halikupokea tu chochote kilicholetwa. Historia ya vioo inaunga mkono hoja hiyo. Inafaa pia kukumbuka kwamba ladha ya Unguja haikuelekea Ulaya pekee. Hamamu ya Kidichi, iliyojengwa karibu mwaka 1850 kwa ajili ya mke wa Sayyid Said aliyetoka Uajemi, ina mapambo ya plasta ya mtindo wa Kiajemi. Huko Uajemi kwenyewe vipande vya kioo vilikuwa vikipachikwa katika plasta za kasri na maziara. Aliyetamani ukuta unaoakisi nuru hakulazimika kuwaza Paris.

4.0 Ushahidi wa Sayyida Salme

Sayyida Salme alizaliwa Mtoni mwaka 1844, akaondoka Unguja mwaka 1866, na kumbukumbu zake zikachapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886 kwa jina lake la baadaye, Emily Ruete. Aliandika kwa wasomaji wa Ujerumani, miaka ishirini baada ya kuondoka, na mara nyingi alitaka kuwasahihisha wasomaji hao kuhusu maisha ya Waarabu. Hayo yanampasa mtafiti kumsoma kwa tahadhari anapotoa hukumu za jumla. Hata hivyo, anapoeleza mpangilio wa chumba, anaeleza kitu alichokiona kila siku tangu utotoni.

Katika maelezo yake, kuta nene zilizopakwa chokaa ziligawanywa kwa mashubaka yaliyoanzia chini hadi darini. Mashubaka hayo yaligawanywa tena kwa rafu za mbao zilizopakwa rangi ya kijani, na juu yake zikapangwa, kwa ulinganifu, sahani, bilauri na majagi ya thamani. Kisha anafikia sehemu inayohusu makala haya. Vipande vyembamba vya ukuta vilivyobaki wazi kati ya shubaka na shubaka vilifunikwa kwa vioo vikubwa, vilivyoanzia kwenye makalio ya chini, yaliyoinuliwa kidogo tu kutoka sakafuni, hadi darini. Vioo hivyo, anasema, kwa kawaida viliagizwa Ulaya kwa vipimo kamili vya urefu na upana.

Maelezo hayo mafupi yana uzito mkubwa. Kioo hakikununuliwa kwanza kisha kikatafutiwa mahali. Ukuta ulipimwa Unguja, vipimo vikavuka bahari, na kiwanda cha Ulaya kikakata kioo kwa kuvifuata. Kwa hiyo, uamuzi wa msingi kuhusu umbo la kioo ulitoka katika nyumba ya matumbawe. Tofauti na Versailles, ambako ukumbi ulijengwa kuvipokea vioo, hapa vioo vilikatwa kuupokea ukuta uliokuwa tayari na mashubaka yake. Ni vigumu kukiita kitendo hicho kuiga. Mwigaji hufuata kipimo cha mwingine.

Aidha, nafasi iliyopewa kioo inaonyesha kazi yake. Kioo hakikuchukua mahali pa mashubaka, bali kilijaza ukuta mtupu kati yake, ukaisha ukimya uliokuwa ukikatiza safu za vyombo. Kilichokaa upande mmoja wa chumba chembamba kiliakisi mashubaka ya upande wa pili, hivyo kaure na bilauri zikaongezeka machoni bila kuongezeka kwa hesabu. Nuru ndogo ya dirisha au ya kandili ilirudishwa chumbani. Mambo matatu yaliyotajwa kuhusu zidaka, yaani kuwa sehemu ya ukuta, ulinganifu wa safu na mng'ao, yote yanaonekana tena.

Salme anataja pia saa za ukutani, zilizopendwa mno, nyingine zikiwekwa juu ya vioo na nyingine mbili mbili kandokando yake. Kinyume chake, picha ziliepukwa kwa kawaida kwa sababu za dini, ingawa kufikia wakati wake zilianza kuvumiliwa hapa na pale. Tofauti hiyo inasaidia kueleza kwa nini kioo, na si mchoro, ndicho kilichotawala ukuta. Mchoro huumba sura na kuihifadhi. Kioo hakihifadhi chochote: aliye mbele yake akiondoka, naye ameondoka. Mwenye nyumba alipata ukuta uliojaa rangi na mwendo bila kuingia katika suala la kuumba sura. Meier (2016), katika uchunguzi wake wa miji ya bandari ya Waswahili, ameonyesha jinsi vitu vya ng'ambo vilivyotumiwa kuifanya nyumba ihusike na ulimwengu mpana. Kwa ushahidi wa Salme inaweza kuongezwa kwamba ulimwengu huo uliruhusiwa kuingia kwa masharti ya nyumba.

5.0 Gharama ya Mng'ao

Kukikomboa kioo kutoka katika hoja ya kuiga hakupaswi kukitakasa. Utajiri ulionunua vioo ulikuwa na chanzo. Pembe za ndovu zilishuka kutoka bara katika misafara iliyopita Tabora, zikapimwa kwa frasila, na sehemu kubwa ya zile zilizopelekwa Marekani ikaishia kuwa vinanda, kwa kuwa vibao vyeupe vya kupigia muziki vilitengenezwa kwa pembe. Kwa hiyo mali zilibadilishana vyumba: pembe ilipamba sebule ya familia ya Marekani, kioo kikapamba chumba cha Unguja. Karafuu nazo zilichumwa na watumwa katika mashamba ya Unguja na Pemba. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, na hali ya utumwa ikaondolewa kisheria visiwani mwaka 1897.

Tarehe hiyo ya pili inahitaji kuangaliwa kwa makini na yeyote anayechunguza vyumba vya ndani. Amri ya mwaka 1897 haikuwagusa masuria. Wao walihesabiwa kuwa ndani ya uhusiano wa kifamilia, na haki ya kujitoa katika hali hiyo iliwafikia mwaka 1909. Mama yake Salme mwenyewe alikuwa suria, Mcherkesi aliyechukuliwa kutoka kwao akiwa mtoto. Vyumba vilivyopambwa kwa vioo ndivyo vilivyokuwa makazi ya wanawake kama yeye: waheshimiwa kuliko watumwa wa shambani, wamevishwa hariri na dhahabu, na bado si huru. Sheria ilifika kwenye shamba la mikarafuu kabla ya kufika mbele ya kioo.

Hapa kanuni ya ukuta inapata maana nyingine. Zidaka ziliwekwa katika vyumba vya nyuma kwa sababu heshima ya ukoo ilihifadhiwa huko, pamoja na wanawake wake. Kioo kilipojiunga na ukuta huo kiliongeza fahari ya mahali palepale ambapo mamlaka ya mwenye nyumba yalikuwa makubwa zaidi na macho ya nje machache zaidi. Mtumwa aliyefuta vumbi, suria aliyeketi juu ya zulia la Kiajemi na binti wa Sultani walionekana katika kioo kimoja. Kilichowatofautisha hakikuwa taswira, bali nani aliyeweza kutoka chumbani kwa hiari yake.

6.0 Kioo Kinachohamishika

Kuna jambo moja ambalo kioo hakikufanana na kidaka. Kidaka kimejengwa: hurithiwa pamoja na nyumba, na asiye na nyumba ya mawe hawezi kuwa nacho. Kioo, hata kile kilichokatwa kwa kipimo cha ukuta fulani, kinaweza kushushwa, kubebwa, kuuzwa, kuwekwa rehani au kugawanywa katika mirathi. Vioo vidogo vya bei nafuu viliweza kuwekwa hata katika ukuta wa udongo. Kwa sifa hiyo, pambo lililorithi kazi ya kidaka liliachana na sharti la kidaka.

Umuhimu wa sifa hiyo unaonekana zaidi baada ya mwaka 1897. Fair (2001) ameeleza jinsi watu waliotoka utumwani Unguja, wengi wao wakiishi Ng'ambo, walivyotumia mavazi, muziki na mwenendo kujitambulisha upya kuwa watu huru na waungwana. Kuvaa kanzu, kanga au buibui kulikuwa kudai hadhi ambayo mabwana waliwahi kuikataza. Kioo kinaingia katika historia hiyo kwa upande wa nyumba. Aliyekuwa akikifuta kioo cha mwingine aliweza sasa kukiweka cha kwake, na kujiona ndani yake akiwa katika vazi alilolichagua mwenyewe. Kujitazama, ambako katika chumba cha tajiri wa karne ya 19 kulikuwa kazi ndogo ya kioo, kulipata uzito mpya.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba upambaji wa vyumba kwa vioo Unguja hauelezeki ipasavyo kwa hoja ya kuiga wala kwa hoja ya israfu peke yake. Kabla ya kioo kulikuwa na ukuta uliozoea kupokea vitu ving'aavyo vya baharini na kuvipanga kwa safu. Kioo kilipopatikana kwa wingi, ukuta huo ndio uliotoa kipimo, na kiwanda cha Ulaya kikakifuata. Wakati huohuo, uwezo wa kutoa kipimo hicho uliegemea juu ya kazi ya watu wasiokuwa huru, baadhi yao wakiishi ndani ya vyumba hivyohivyo na kufikiwa na uhuru wakiwa wa mwisho.

Matokeo ya hoja hii yanahusu pia uhifadhi. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilibadilishwa wakazi na matumizi. Kasri la Beit al-Sahel lilifanywa makumbusho mwaka 1994, na ndani yake kimetengwa chumba cha kumkumbuka Sayyida Salme. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Hata hivyo, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, liliporomoka Desemba 2020, na tukio hilo linakumbusha kwamba kuta hazingoji watafiti. Unyevu na chumvi ya bahari hula utando wa nyuma ya kioo, na vioo vya zamani huuzwa kama vitu vya kale, kimoja kimoja, mbali na mahali vilipokatiwa. Kioo kilichotenganishwa na ukuta wake hubaki kuwa bidhaa ya Ulaya tu, kwa sababu ushahidi wa aliyekiagiza umo katika kulingana kwa vipimo vyake na nafasi iliyo kati ya mashubaka mawili. Kwa hiyo, orodha za uhifadhi wa nyumba za mawe zinapaswa kuandika kioo na ukuta pamoja: urefu, upana, nafasi, na kile kilichokuwa kikiakisiwa upande wa pili. Kazi hiyo inahitaji futi ya kupimia, daftari na idhini ya mwenye nyumba. Ikicheleweshwa, historia itakayobaki ni ile ya kiwanda, na ile ya aliyetoa kipimo itapotea.